Nchi ikijitoa kwenye jumuiya ya kibiashara, washirika wake wanabaki?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa pili. Darasani tumegawanyika. Kundi letu linasema nchi ikijitoa kwenye jumuiya ya kibiashara haipotezi washirika, kwa sababu biashara ni biashara na ulinzi ni ulinzi. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya lakini bado iko NATO, na Marekani bado ni rafiki yake. Wenzetu wanasema urafiki wa mataifa huanzia mfukoni, ukitoka sokoni umetoka kote. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Nikilazimishwa kuchagua nitakaa na wenzako, ila si kwa sababu waliyoitoa.

Kundi lenu halikusema uongo. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na kesho yake hakuna hata mkataba mmoja wa ulinzi uliokuwa umechanwa. Kiti chake cha kudumu kwenye Baraza la Usalama kilikuwa pale pale. NATO ilikuwa pale pale. Mikataba ya kijeshi iliyosaini na Ufaransa mwaka 2010 pale Lancaster House iliendelea, na Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, London ilikuwa mstari wa mbele kupeleka silaha, ikishauriana na majirani zake wa Ulaya kama zamani. Anayetafuta urafiki uliovunjika kwa kishindo hataupata.

Tatizo lenu ni mahali mnapotafuta. Mnaangalia mikataba, mimi ningeanza na kalenda ya vikao.

Jumuiya ya kibiashara iliyokomaa haiishii kwenye ushuru wa forodha. Mawaziri wa fedha wanakutana, wa kilimo wanakutana, wa uvuvi, wa mambo ya ndani. Mabalozi wa nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya wana kikao chao Brussels, makao makuu ya umoja huo, kila wiki. Na chini yao kuna kamati chungu nzima za wataalamu wanaobishania mambo ambayo hakuna gazeti litakaloyaandika. Humo ndani ofisa wa nchi moja anamwachia mwenzake kifungu cha maziwa, na miezi mitatu baadaye anarudishiwa fadhila kwenye jambo lisilo na uhusiano wowote na maziwa. Deni hilo haliandikwi popote, lakini kila mmoja analikumbuka. Ukijitoa, kitu cha kwanza kukatika ni hicho. Balozi wako anabaki mjini, anaalikwa kwenye dhifa, lakini kikao kikianza yeye yuko nje, na jioni anapiga simu kuuliza kimeamuliwa nini. Waswahili walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Nikupe mfano mmoja tuutazame kwa karibu, kwa sababu darasani huwa hautajwi. Uingereza ilivitenga Visiwa vya Chagos kutoka Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla Mauritius haijapata uhuru. Baada ya kudai kwa miongo mingi, Mauritius, ikiungwa mkono na nchi za Afrika, ilipeleka azimio mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe maoni ya kisheria. Kura ilipigwa tarehe 22 Juni 2017. Itazame vizuri tarehe hiyo: imebaki siku moja tu kutimia mwaka tangu Waingereza wapige kura ya maoni ya kujitoa, na haijapita hata miezi mitatu tangu barua rasmi ya kuondoka ipelekwe Brussels, Machi 29. Matokeo: 94 ziliunga mkono, 15 zilipinga, 65 hazikuelemea upande wowote.

Sasa tafuta wenzake wa Ulaya wako wapi. Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uhispania, wote wako kwenye lile kundi la 65. Hawakuipinga Uingereza wala hawakuitetea, walikaa kimya tu. Miaka miwili baadaye, Mei 2019, azimio lingine liliitaka Uingereza iondoke visiwani humo, na safari hii ziliunga mkono nchi 116, zikapinga 6 tu, Uingereza yenyewe ikiwemo. Katikati ya kura hizo mbili, Novemba 2017, jaji Mwingereza Christopher Greenwood aliyekuwa akigombea muhula mwingine katika mahakama hiyo hiyo aliondolewa kwenye kinyang'anyiro baada ya mgombea wa India, Dalveer Bhandari, kuungwa mkono na wengi katika Baraza Kuu. Tangu mahakama hiyo ianze kazi mwaka 1946 haikuwahi kukosa jaji kutoka Uingereza.

Nisikudanganye kwamba yote hayo yaliletwa na kujitoa Umoja wa Ulaya. Suala la Chagos ni la ukoloni na lilikuwa na hoja nzito zenyewe, na diplomasia ya India ilifanya kazi kubwa. Lakini zamani nchi kama Ujerumani ilikuwa na sababu ya ziada ya kuibeba Uingereza kwenye kura ngumu: wiki ijayo ingehitaji kura ya Uingereza mezani Brussels. Sababu hiyo ilipoanza kufifia, kuibeba kukawa ni hisani tupu, na wanadiplomasia huwa wabahili wa hisani. Kwa hiyo ukitaka kupima kilichopungua, usihesabu mikataba iliyovunjwa. Hesabu wangapi wanakaa kimya siku unapowahitaji wazungumze.

Hao ni washirika ulioishi nao nyumba moja. Kuna wale wa mbali, na hapa ndipo hoja yenu ya Marekani inapoteleza.

Rafiki wa mbali mara nyingi alikupenda kwa sababu ulikuwa mlango. Kwa miaka 47 Washington ilikuwa na mtu ndani ya chumba cha Ulaya anayezungumza lugha yake na kufikiri kama yeye kwenye masuala ya soko huria, vikwazo na ulinzi. Ndiyo maana Barack Obama alisafiri hadi London Aprili 2016 na kuwaambia Waingereza waziwazi kwamba wakitoka, kwenye mkataba wa biashara na Marekani watakuwa nyuma ya foleni. Wengi walikasirika, wakamwona anaingilia ya watu, na huenda kauli ile iliwaudhi wapiga kura kuliko ilivyowatisha. Lakini alichosema ndicho mshirika wa mbali anachowaza: ukishatoka, nikitaka kuongea na Ulaya nitampigia nani?

Kisha likaja suala la Ireland, na kama una muda wa kusoma jambo moja tu kabla ya mjadala wenu ujao, soma hili.

Nchi ikiwa ndani ya umoja wa forodha na soko la pamoja, lori linavuka mpaka bila kusimama. Ikitoka, bidhaa lazima zikaguliwe mahali fulani, iwe nyaraka za forodha, vibali vya vyakula au viwango. Kwa nchi iliyozungukwa na maji kazi hiyo hufanyika bandarini, basi. Ila Uingereza ina mpaka wa nchi kavu na Jamhuri ya Ireland, karibu kilomita 500, na mpaka huo una historia ya damu. Katika vurugu za Ireland Kaskazini zilizodumu takribani miaka 30 walikufa watu zaidi ya 3,500, na mpakani kulijaa vituo vya jeshi. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 ulileta amani, na vituo vile vikabomolewa. Kurudisha hata kibanda cha forodha pale kulikuwa sawa na kuchokonoa kidonda. Njia iliyopatikana ni kuhamishia ukaguzi baharini, kati ya kisiwa kikuu cha Uingereza na Ireland Kaskazini, yaani ndani ya nchi moja. Unaweza kufikiria mwenyewe jinsi wale wanaotaka kubaki chini ya Uingereza walivyolipokea.

Na Mkataba wa Ijumaa Kuu haukuwa wa London na Dublin peke yao. Marekani iliusimamia; mamilioni ya raia wake wana asili ya Ireland na wana sauti kwenye Bunge lao. Septemba 2020 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada ambao waziri wake mwenyewe alikiri kwamba utavunja sheria ya kimataifa, kwa namna mahususi na yenye mipaka. Joe Biden, wakati huo mgombea, akasema mkataba wowote wa biashara kati ya Marekani na Uingereza utategemea kuheshimiwa kwa amani ya Ireland. Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika, akasema mkataba kama huo hautapita. Uone mnyororo ulivyo: ukaguzi wa lori umezaa suala la mpaka, mpaka ukagusa amani, amani ikagusa wapiga kura wa Boston wenye asili ya Ireland, na zawadi kubwa iliyoahidiwa wakati wa kampeni ya kujitoa, yaani mkataba wa biashara na Marekani, ikasimama. Hakuna mtu aliyejitoa kwenye urafiki na Marekani. Waligusa forodha tu.

Mwaka 2021 mambo yalifika hadi kwenye soseji. Sheria za Umoja wa Ulaya hazikuruhusu soseji mbichi kutoka nje kuingia, kwa hiyo soseji za kisiwa kikuu zilikuwa karibu kuzuiwa kuingia Ireland Kaskazini. Kwenye mkutano wa G7, kundi la mataifa saba tajiri, pale Carbis Bay, Uingereza, mwezi Juni, magazeti yaliripoti kwamba Boris Johnson alimuuliza Emmanuel Macron angejisikiaje kama soseji za Toulouse zingezuiwa kuuzwa Paris, na Macron akamjibu kwamba Paris na Toulouse ziko nchi moja. Johnson akakasirika, maana na Belfast nayo ni nchi moja na London. Hao ni viongozi wa mataifa mawili yenye silaha za nyuklia, washirika tangu Vita Kuu ya Kwanza, mbele ya kamera za dunia, wanagombana juu ya soseji. Mwezi mmoja kabla, meli mbili za kivita za Uingereza zilikuwa zimepelekwa kwenye kisiwa cha Jersey kwa sababu wavuvi wa Kifaransa waliandamana na mashua zao kudai leseni.

Joto lilishuka baada ya makubaliano ya Windsor juu ya biashara ya Ireland Kaskazini, Februari 27, 2023, kati ya Rishi Sunak na Ursula von der Leyen. Aprili mwaka huo Biden akatua Belfast kuadhimisha miaka 25 ya amani. Na Januari 2024 wanasayansi wa Uingereza wakarudi kwenye mpango wa utafiti wa Ulaya, Horizon, waliokuwa wamefungiwa nje kwa miaka mitatu. Utafiti wa saratani ulihusiana vipi na mpaka wa Ireland? Haukuhusiana. Lakini Brussels iliushikilia mpaka lile lingine lilipotatuliwa, ndivyo mazungumzo yanavyoendeshwa.

Upande wa faida upo, na usiuache kwenye mjadala wako. Aliyetoka anapata uhuru wa kusaini mikataba yake. Uingereza ilisaini na Japani Oktoba 2020, na Kenya Desemba 2020, na Australia Desemba 2021, kisha Desemba 2024 ikaingia kwenye umoja wa biashara wa Pasifiki. Mikataba mingi ya mwanzo ilikuwa kunakili upya ile iliyokuwa nayo kupitia Umoja wa Ulaya, kazi iliyomaliza muda wa mabalozi ambao wangekuwa wanafanya mengine. Ule wa Australia ndio mpya hasa, na aliyekuwa waziri wa kilimo, George Eustice, baadaye alikiri bungeni kwamba haukuwa mzuri sana kwa Uingereza. Mwenye haraka ya kuonyesha kwamba ana marafiki wapya huuza rahisi. Aprili 2025 Donald Trump alipotangaza ushuru wake, Uingereza iliwekewa asilimia 10 na Umoja wa Ulaya 20, baadaye Ulaya ikashushiwa hadi 15. Watetezi wa kujitoa walishangilia, na hawakukosea kushangilia. Ila kiwango kile kilitokana na hesabu ya nani anamuuzia mwenzake zaidi. Australia nayo ilipewa 10.

Nimekaa sana Ulaya, niruke bahari. Tarehe 23 Januari 2017, Marekani ilijitoa kwenye mkataba wa biashara wa nchi 12 za Pasifiki, TPP, ambao ilikuwa imeusaini lakini haijauridhia. Japani, Australia na Kanada hazikuacha kuwa washirika wake wa kijeshi hata kwa saa moja. Walichofanya ni kuendelea bila yeye: 11 waliobaki walisaini mkataba wao Machi 2018 mjini Santiago, na wakaweka kando vifungu 22, vingi vikiwa vile ambavyo Marekani ndiyo iliyovipigania. Septemba 2021 China ikaomba kujiunga. Mkataba ambao Washington iliubuni kwa sehemu kubwa ili China isiwe mwandishi wa kanuni za biashara ya Asia, China ndiyo inayobisha hodi, na mbuni wake yuko nje, hana hata kura ya kusema hapana. Hapo hakuna rafiki aliyenuna. Waliobaki walipanga upya viti tu.

Sahel, ukanda wa kusini mwa Sahara, ni kinyume chake, na ndiyo maana siwezi kukubali moja kwa moja ile kauli ya wenzako kwamba urafiki huanzia mfukoni. Kule siasa ndiyo iliyotangulia. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai 26, 2023, ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, iliweka vikwazo na kutishia kuingia kijeshi. Nigeria ikakata umeme, mipaka ikafungwa. Septemba mwaka huo Mali, Burkina Faso na Niger zikaunda muungano wao wa kulindana, na Januari 28, 2024, zikatangaza kujitoa ECOWAS. Zilitoka rasmi mwaka mmoja baadaye, Januari 29, 2025. Kwa hiyo urafiki ulikufa kwanza, uanachama ukafuata.

Lakini angalia walichoacha na walichobaki nacho. Nchi hizo tatu hazina bahari. Mizigo yao hupita Abidjan, Dakar, Lomé, Tema au Cotonou, zote bandari za nchi wanachama wa ECOWAS. Kwa hiyo hawakujitoa kwenye umoja mwingine, UEMOA, wa nchi za Afrika Magharibi zinazotumia sarafu moja, faranga ya CFA, na ECOWAS yenyewe siku ile ile walipotoka ilitangaza kwamba itaendelea kutambua pasi zao na kupokea bidhaa zao kwa masharti ya zamani mpaka itakapoamuliwa vingine. Kila upande ulijua bandari haihamishiki. Kilichobadilika ni kwamba badala ya kujadiliana na jumuiya nzima, sasa kila jirani anashughulikiwa kivyake. Togo ilikaa nao karibu. John Mahama wa Ghana alizitembelea nchi hizo zote tatu Machi 2025, miezi miwili tu baada ya kuapishwa. Na Benin mambo yalikwenda mrama: Niger ilikataa kufungua mpaka hata baada ya vikwazo kuondolewa, Benin nayo Mei 2024 ikazuia mafuta ya Niger yasipakiwe melini kwenye ncha ya bomba lenye urefu wa karibu kilomita 2,000. Majirani wawili wakabaki wameshikana mashati, na meza ambayo kwa kawaida ingewasuluhisha ndiyo ile ile ambayo mmoja wao alikuwa ameshatangaza kuiacha.

Kuna waliotoka na hakuna aliyegeuka kuangalia. Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, na sidhani kama kuna mtu aliyeinunia, kwa sababu ilikuwa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Watu wale wale iliendelea kukutana nao ukumbi mwingine. Greenland iliondoka Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985 kwa sababu ya samaki, ikapewa hadhi maalumu na mkataba wa uvuvi, yakaisha. Mauritania ilitoka ECOWAS mwaka 2000 na kufika 2017 ilikuwa inasaini mkataba wa ushirika na ECOWAS hiyo hiyo. Ukilinganisha hawa na wale wa juu, utaona aliyeumia ni yule ambaye hakuwa na ukumbi wa pili, au alitoka huku akiwatukana waliobaki, au alikuwa na mpaka ambao mtu mwingine alikuwa ameuwekea dhamana ya amani.

Turudi kwenye sentensi yenu ya biashara ni biashara na ulinzi ni ulinzi, maana hiyo ndiyo nataka uiache. Tarehe 19 Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walikutana London na kukubaliana juu ya ushirikiano wa usalama na ulinzi, jambo ambalo pande zote mbili zililihitaji, vita ikiwa mlangoni mwa Ulaya. Siku hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo, Uingereza ilikubali wavuvi wa Ulaya waendelee kuvua kwenye maji yake hadi mwaka 2038. Mkataba wa ulinzi ulifungua njia ya kujadili kama viwanda vyake vya silaha vitaingia kikamilifu kwenye mfuko mpya wa Ulaya wa mikopo ya ulinzi, SAFE, wa euro bilioni 150. Majadiliano yaliendelea hadi Novemba 2025, yakavunjika kwa sababu hawakukubaliana kiasi cha kulipa ili kuingia. Siku chache baadaye Kanada, ambayo haijawahi kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya na haina cha kudaiwa wala kudai humo, ilikamilisha mazungumzo yake ya kuingia kwenye mfuko huo.